Mtindo wa bia: kwa nini kiwanda kidogo hupika bia za namna nyingi

Mtindo wa bia ni jina la pamoja la bia zinazofanana kwa rangi, ladha, uchungu, uzito mdomoni, kiasi cha kilevi na namna zilivyochachushwa, hata kama zimetoka katika viwanda tofauti na zinauzwa kwa majina tofauti. Kwa hiyo mtindo si chapa. Tusker, Kilimanjaro, Safari na Serengeti ni chapa nne, na kila moja ina wapenzi walio tayari kuitetea usiku kucha, lakini zote ni za mtindo mmoja, yaani laga. Guinness iliyopangwa kando yake katika jokofu ndiyo ya mtindo mwingine, stauti. Mnywaji aliyezoea baa za Dar es Salaam au Nairobi akiingia katika kiwanda kidogo cha bia na kukuta majina manane yameandikwa ubaoni, anaweza kudhani kwamba ni chapa nane za kinywaji kilekile, ilhali kila jina huenda ni mtindo wake.

Majina kama pota (bia ya rangi ya kahawia iliyokoza) na pilsna (laga ya rangi ya dhahabu) yalikuwapo zamani, lakini mazoea ya kuzipanga bia za dunia nzima kwa mitindo yalienezwa hasa na mwandishi Mwingereza Michael Jackson (si yule mwimbaji) katika kitabu chake cha mwaka 1977.

Viambato vya msingi ni vinne tu: maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua ya mmea unaotambaa, yanayotia uchungu na harufu) na hamira. Kimea husagwa na kulowekwa katika maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari, na maji yanayopatikana huwa matamu kama togwa. Huchemshwa pamoja na hopsi, hupozwa, kisha hutiwa hamira, nayo hula ile sukari na kutoa kilevi na gesi. Hatua hizi ni zilezile kwa karibu kila bia. Mitindo huzaliwa pale mpika bia anapobadili kimea alichochagua, wakati wa kutia hopsi, au hamira na joto lake.

Mgawanyiko mkubwa kuliko yote unatokana na hamira. Hamira ya bia za jamii ya eli hufanya kazi katika joto la nyuzi 15 hadi 24 za Selsiasi na kuacha harufu za matunda, wakati hamira ya laga hupenda nyuzi 7 hadi 13, hufanya kazi polepole, na bia yake hulazwa kwenye baridi kali kwa wiki kadhaa ili ladha itulie. Eli nyingi huwa tayari kwa wiki mbili au tatu, ilhali laga hudai mwezi na zaidi. Kwa kiwanda kikubwa chenye matangi mengi hilo si tatizo, lakini kwa mwenye matangi manne au matano kila wiki ambayo tangi halijamwagwa ni fedha iliyolala. Kwa maoni yangu, sababu hii ya kibiashara inaeleza wingi wa eli katika viwanda vidogo vizuri zaidi kuliko maneno yote yanayosemwa kuhusu ubunifu.

Kiwanda cha Sierra Nevada cha mji wa Chico, California, kinaonyesha jambo hili vizuri. Leo ni kikubwa, lakini Ken Grossman na Paul Camusi walipoanza kupika mwaka 1980 walitumia mitambo iliyokwisha kutumika katika viwanda vya maziwa. Bia zao za mwanzo zilikuwa pale ale (eli ya rangi hafifu), pota na stauti, zote za jamii ya eli, kwa hiyo hamira ileile, matangi yaleyale na maji yaleyale viliweza kutoa bia tatu ambazo mnywaji hawezi kuzichanganya. Tofauti iliwekwa na kimea na hopsi.

Kimea kilichokaushwa kwa moto wa wastani hutoa bia ya rangi ya dhahabu, lakini nafaka ikikaangwa kwa joto linalozidi nyuzi 200 hugeuka nyeusi na kutoa ladha ya kahawa na kakao, na sehemu moja kati ya kumi inatosha kuifanya bia yote iwe nyeusi. Hapo ndipo wengi hupotoka, kwa kuamini kwamba nyeusi ndiyo kali. Guinness ya bomba inayonywewa Dublin ina kilevi cha asilimia 4 hivi, sawa na Tusker, ilhali Westmalle Tripel ya Ubelgiji, yenye rangi ya dhahabu, ina asilimia 9.5.

Hopsi nazo zina saa zake. Zikichemshwa muda mrefu hutoa uchungu. Zikitiwa mwishoni, au baada ya bia kuchachuka, hubakiza harufu. Pale ale ya Chico ilijulikana kwa hopsi aina ya Cascade, zenye harufu ya balungi na msonobari, na kutokana na ladha hiyo viwanda vya Marekani vikaiendeleza IPA (India Pale Ale), mtindo ambao asili yake ni bia za Uingereza zilizotiwa hopsi nyingi ili zihimili safari ya meli hadi India. Leo kuna viwanda vidogo ambavyo nusu ya ubao wao ni IPA, na hapo sioni tena wingi wa mitindo bali mtindo mmoja uliovalishwa majina.

Bia ya ngano ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ndiyo inayoshangaza zaidi watu wa kwetu. Angalau nusu ya kimea chake ni ngano, nayo hunukia ndizi mbivu na karafuu, ingawa hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Harufu zote mbili hutengenezwa na hamira yake. Mbege ya Wachagga ina ndizi za kweli, hupikwa na kuchanganywa na kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka katika gome la msesewa, ambalo linafanya kazi inayofanywa na hopsi kwingineko. Kwa kipimo chochote cha haki, mbege ni mtindo kamili wenye viambato vyake, mahali pake na kanuni zake, na kuiita pombe ya kienyeji tu ni kuipunja.

Mipaka ya mitindo haikuchorwa kwa rula. Kölsch, bia ya mji wa Köln nchini Ujerumani, huchachushwa kwa hamira ya eli kisha hulazwa kwenye baridi kama laga, hivyo inakaa katika pande zote mbili za mgawanyiko. Jina lake linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya kwa wapikaji wa Köln na vitongoji vyake, na ndiyo maana kiwanda kidogo cha Ulaya kinachopika bia ya namna hiyo nje ya eneo hilo hulazimika kutafuta jina jingine la kuandika ubaoni.