Daka ni nini? Maana yake katika nyumba za mawe za Lamu

Kwa wengi wetu kudaka ni kazi ya golikipa. Lamu, daka ni mahali. Ni kijiukumbi kilichoingia ndani ya ukuta wa mbele wa nyumba ya mawe, kina paa lake, na kushoto na kulia kuna baraza za kukalia. Mlango mkubwa uko nyuma yake. Ukiketi hapo umeshatoka njiani, lakini kwa watu bado hujaingia.

Matumizi yake ni hayo hayo. Mwanamume aliyekuja kwa neno fupi hulimaliza pale: ataulizana hali na mwenyeji, ataleta habari ya msiba au atapatana bei ya shehena, kisha aende zake. Wa ndani hawasumbuki. Akikaribishwa zaidi, huvuka mlango akaingia tekani, ukumbi wa pili, na hapo njia hukunja. Kukunja huko ni makusudi: hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia ataona ukuta tu.

Baada ya tekani ndipo kiwanda. Usifikirie mashine, kiwanda hapa ni uwanja usioezekwa katikati ya nyumba, unaoingiza mwanga na hewa. Kutoka kiwandani unakutana na misana, kumbi ndefu nyembamba zinazofuatana, kila moja sakafu yake imeinuka kidogo kuliko iliyotangulia. Wembamba wake umetokana na boriti. Dari hubebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haufiki mbali: chumba hakizidi sana mita 3 kwa upana, awe mwenye nyumba ni tajiri wa namna gani. Utajiri ulionyeshwa kwenye chokaa. Huko ndani kabisa, ukuta mzima hujaa zidaka, safu juu ya safu, vya kupangia sahani na bakuli za kaure. Zidaka ni vidaka kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, yaani madaka madogo. Neno lililokupokea mlangoni ndilo linalokungoja mwisho wa nyumba.

Madaka mengi ya kale yako Mkomani, upande wa kaskazini wa mji. Ukishuka Usita wa Mui, ile njia kuu, sura inabadilika, na sababu yake ni biashara. Ngome ya Lamu ilipokamilika mwaka 1821 ilikuwa kando ya maji. Baadaye ufuo ulijazwa, mji ukasogea mbele, ngome ikabaki nyuma. Majengo yaliyosimama pale pwani yana veranda na matao yanayotazama bahari, na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, walijenga maduka yaliyofunguka moja kwa moja njiani. Duka linataka lionekane. Nyumba ya daka inataka isionekane. Kwa hiyo mwendo wa dakika chache tu unakutoa kwenye mji uliogeuzia njia mgongo hadi kwenye mji unaoita wateja.

UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tangu hapo, na hata kabla, wageni wanapiga picha milango ya nakshi. Sina ugomvi na milango, ni kazi nzuri ya maseremala. Ila mlango unabebeka: unaweza kung'olewa, kuuzwa na kupachikwa hotelini mji mwingine. Daka halibebeki, kwa sababu ni nafasi tupu ambayo mwenye nyumba alikubali kuikata kwenye kiwanja chake mwenyewe ili mgeni apate pa kukaa. Nyumba mpya ikiwekewa mlango wa nakshi usawa na njia, pasipo daka, mgeni atapiga hodi amesimama, huku punda mwenye mzigo wa mawe akimtaka apishe.