Je, wajua kwa nini video inayocheza kwenye simu hugoma kwenye kompyuta ya ofisi?

Mtu amerekodi uzinduzi wa mradi kwa iPhone yake, video safi, kila uso unaonekana. Anaihamishia kwenye flashi, anaichomeka kwenye kompyuta ya chumba cha mikutano. Projekta imewaka, wageni wameshaketi. Anabofya. Sauti inasikika vizuri, picha giza tupu. Au linachomoza dirisha dogo lenye maneno ya Kiingereza na namba ndefu, 0xc00d5212. Hapo lawama huanza: kompyuta imezeeka, flashi ina virusi, kijana wa IT hajui kazi.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Faili ni zima na kompyuta ni nzima. Kilichokosekana ni kipande cha programu kiitwacho kodeki, kinachobana video na kuifungua, na ukifuatilia kwa nini hakipo, mwisho wa njia utakuta suala la malipo.

Tuanze na jina la faili. Herufi zile za mwisho, MP4, MOV, AVI au MKV, hazikuambii video imeandikwaje. Zinataja kontena tu, na ni kama makontena ya bandarini: ukilitazama kwa nje hujui limebeba mitumba au vipuri vya magari. Ndani ya MP4 kuna mkondo wa picha, mkondo wa sauti, pengine na maandishi ya tafsiri, na kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake. Ndiyo maana MP4 mbili zinaweza kukaa kwenye folda moja, moja ikacheza na nyingine ikagoma. Na ndiyo maana kubadili jina la faili kutoka .mkv kuwa .mp4, mbinu ambayo bado hufundishwa maofisini kwa kujiamini kabisa, hakugusi chochote cha ndani.

Kwa nini video ibanwe? Kwa sababu bila kubanwa haibebeki. Fremu moja, yaani picha moja tuli ya video ya 1080p, ina pikseli (nukta za picha) 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikipewa baiti 3 za rangi, fremu hiyo moja inafika megabaiti 6.2. Sekunde moja ina fremu 30, kwa hiyo ni kama megabaiti 187 kila sekunde, na zaidi ya gigabaiti 11 kwa dakika. Flashi ya GB 16 ingejaa kabla ya dakika moja na nusu kuisha, na mgeni rasmi angekuwa bado anawatambua waheshimiwa waliohudhuria.

Kodeki hupunguza mzigo huo kwa ujanja. Mtu anapohutubia mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki. Kodeki inauhifadhi mara moja, kisha katika fremu zinazofuata inaandika kilichosogea tu: midomo, mkono, karatasi ya hotuba. Inaigawa picha katika vipande vya mraba na kutunza kumbukumbu ya kipande kipi kimehamia wapi. Inapunguza pia undani wa rangi, kwa kuwa jicho la binadamu ni jepesi kuona tofauti za mwanga kuliko tofauti za rangi. Kwa makadirio ya Apple yenyewe, dakika ile ile ya 1080p inashuka hadi megabaiti 130 kwa kodeki ya H.264, na megabaiti 60 kwa H.265. Lakini kilichobanwa kwa kanuni fulani hufunguliwa na anayeijua kanuni hiyo tu.

H.264 ilipitishwa mwaka 2003 na ikaenea kila mahali: simu, runinga, kompyuta, kamera. Leo ni vigumu kupata kifaa kisichoifahamu. Mwaka 2013 ikaja H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Ile ya kwanza hufanya kazi kwa miraba isiyozidi pikseli 16 kwa 16. Hii mpya inaweza kutumia miraba ya hadi 64 kwa 64, na kwa ubora ule ule inahitaji kama nusu ya data. Mwaka 2017 Apple ilipotoa iOS 11, toleo jipya la mfumo wa iPhone, iPhone 7 na zilizofuata zikaanza kurekodi kwa H.265 bila kumuuliza mwenye simu. Mamilioni ya watu wakajikuta wanatumia kodeki ambayo hawajawahi kuisikia.

Sasa njoo kwenye pesa. Mbinu hizi zimelindwa kwa hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, na anayeuza kifaa chenye kodeki anatakiwa kulipa. Kwa H.264, sehemu kubwa ya wenye hataza walikubali malipo yakusanywe dirisha moja, kwa masharti yaliyoeleweka. Kwa H.265 waligawanyika katika vikundi kadhaa, kila kikundi na bei yake, kampuni nyingine zikabaki nje zikidai kivyake. Mwaka huohuo wa 2017 Microsoft iliiondoa kodeki hiyo ndani ya Windows 10 na kuiweka kwenye duka lake la programu kwa jina la HEVC Video Extensions, bei dola 0.99 za Marekani. Dola moja si kitu, utasema. Ofisini ni kitu: duka la programu limefungwa na idara ya IT, malipo yanataka kadi ya benki, na hakuna mhasibu anayejua risiti ya dola moja iingie kwenye kifungu kipi.

Baadhi ya watengenezaji wa kompyuta walilipa wenyewe na kuiweka kodeki kiwandani. Hapo ndipo unapokuta video inacheza kwenye meza ya jirani yako na kugoma kwenye yako, wakati Windows ni ile ile. Na hali haielekei kulegea. Mwaka 2025 ilibainika kwamba HP na Dell zimezima uwezo wa kufungua H.265 katika baadhi ya laptopu zao za kiofisi, ingawa chipu yenyewe iliyomo inaweza kazi hiyo. Kwa maoni yangu huo ni ubahili usio na haya kwa mashine za bei ile.

Wengi hushangazwa na WhatsApp. Video iliyogoma kutoka kwenye flashi, ukitumiwa ile ile kwa WhatsApp inacheza. Sababu ni kwamba WhatsApp huibana upya kabla ya kuituma, kwa kawaida kwa H.264, na kuishusha ubora. Ukiituma kama dokumenti haiguswi, inafika na H.265 yake, na tatizo linarudi pale pale.

VLC nayo, ile yenye alama ya koni ya barabarani, inafungua karibu kila kitu kwa sababu haitegemei kodeki za Windows, imebeba zake. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, na shirika linaloisimamia hadi leo liko Ufaransa na si la kibiashara. Msimamo wao wa kisheria ni kwamba sheria za Ufaransa hazitambui hataza za programu za kompyuta. Kwa hiyo kinachouzwa dola moja upande mmoja kinapatikana bure upande mwingine. Kama ofisi yako inaruhusu programu moja tu ya kuongeza, omba hii.

Kuna kisa kingine cha kisheria ambacho mafundi wengi hawakifahamu. Mwaka 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuilazimisha kuuza pia Windows isiyo na kicheza video chake. Toleo hilo lina herufi N mwishoni mwa jina, na lipo hadi leo. Ukipata kompyuta ya mtumba iliyotoka Ulaya na hakuna video yoyote inayofunguka, hata ya H.264, angalia jina la Windows kwenye Settings, sehemu ya About. Ukikuta N, weka Media Feature Pack ya Microsoft. Hiyo ni ya bure.

Dalili zenyewe husema mengi. Sauti ipo na picha hakuna: kodeki ya picha inakosekana. Picha ipo, sauti hakuna, na spika ni nzima: mkondo wa sauti umebanwa kwa kodeki ambayo programu yako haina, jambo la kawaida kwa faili za filamu. Picha ya kijani au yenye mistari, hasa kwenye kivinjari, mara nyingi ni draiva, programu inayoendesha kadi ya picha. Isasishe, au zima hardware acceleration (kuiachia kadi ya picha kazi ya video) kwenye mipangilio ya kivinjari uone kama inatulia. Ukitaka uhakika, fungua faili kwa VLC, bonyeza Ctrl na J, na utaonyeshwa jina la kodeki ya kila mkondo.

Namba 0xc00d36c4 ni habari tofauti, na hapo faili lenyewe linaweza kuwa na kasoro. Katika MP4 nyingi zinazotoka kwenye simu na kamera, orodha inayoeleza fremu ipi iko wapi huandikwa mwishoni kabisa, baada ya kurekodi kukamilika. Betri ikikata kabla, au flashi ikichomolewa wakati inanakili, data inaweza kuwepo gigabaiti nzima lakini orodha haipo. Kodeki yoyote utakayoweka haitasaidia. Rudi kwenye simu iliyorekodi, nakili upya, na safari hii toa flashi kwa utaratibu.

Kitu kimoja usikifanye: kutafuta kodeki mtandaoni na kubofya tangazo la kwanza. Kuanzia mwaka 2005 kulikuwa na programu hasidi iitwayo Zlob iliyojifanya kodeki ya video inayohitajika, na watu waliiweka wenyewe kwa mikono yao. Mtego wa namna hiyo haujaisha.

Tiba bora iko kwenye chanzo. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Camera, kisha Formats, uchague Most Compatible, na video zijazo zitarekodiwa kwa H.264, isipokuwa ubora wa juu sana kama 4K ya fremu 60. Zilizokwisha kurekodiwa, zipitishe kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, ukitoa MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC. Mchanganyiko huo ndio Microsoft inaoupendekeza kwa video za kuweka ndani ya PowerPoint, na kwa mkutano wenye wageni sioni sababu ya kubahatisha na kingine.

Video za mtandaoni zina shida yake. YouTube hutumia zaidi VP9 na AV1, kodeki zisizodai malipo, ila zinataka kompyuta yenye chipu inayozifahamu. Chipu za Intel zilianza kufungua AV1 katika kizazi cha 11, mwaka 2020. Mashine ya zamani hufungua kwa kutumia prosesa pekee, ndipo feni inapopiga kelele na picha kukatakata hata intaneti ikiwa na kasi. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance: prosesa ikiwa karibu asilimia 100 huku Video Decode ya kadi ya picha ikilala sifuri, usimpigie simu mtoa huduma ya intaneti. Shusha ubora hadi 720p au 480p.

Za kamera za ulinzi ni kundi la peke yake. Mashine za Dahua, kwa mfano, hutoa faili la .dav ambalo Windows hailitambui kabisa. Unapolitoa kwenye mashine, tafuta kwanza kama kuna chaguo la MP4 au AVI. Kama halipo, tumia kichezaji cha mtengenezaji huyohuyo. Na kama video hiyo inakwenda polisi au kwenye bima, hifadhi faili la asili hata baada ya kulibadilisha, kwa sababu kubadili kodeki ni kubana upya, na namba ya gari iliyokuwa ikisomeka kwa shida inaweza isisomeke tena.