Barua Hutangulia Muswada

Wanafunzi ninaowafundisha uchumi wa kimataifa wengi wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Nikiwaambia kwamba mama yangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya sabuni, wananitazama kana kwamba nawasimulia Vita vya Majimaji. Ila Juni 2024, vijana wa Kenya walipoingia barabarani na mabango ya kuilaani IMF, wanafunzi haohao walinijia na swali: Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lina uhusiano gani na bei ya mkate Nairobi? Darasani muda haukutosha, kwa hiyo najibu hapa.

IMF haitungi sheria ya nchi yoyote. Serikali iliyopungukiwa fedha za kigeni ndiyo inayokwenda kuomba mkopo. Wataalamu wa Shirika wanakuja, wanapekua hesabu, wanakaa na watu wa wizara ya fedha na benki kuu. Mazungumzo yakikamilika inaandikwa barua, kwa kawaida kwa saini ya waziri wa fedha na gavana, ikisema serikali inakusudia kufanya nini: mapato ya kodi yapande kwa kiasi gani, ruzuku ipi iondolewe, matumizi yapunguzwe wapi. Fedha hazitoki kwa mkupuo. Zinatoka kwa awamu, na kabla ya kila awamu kuna tathmini. Ukiteleza, awamu inakwama, na wakopeshaji wengine wanaosubiri neno la IMF nao wanasita.

Kwa kuwa barua ni ya serikali, Shirika likilaumiwa hujibu kwamba mpango huo ni wenu wenyewe. Kisheria ni kweli. Lakini muswada unapofika bungeni, tarakimu zake nzito zimekwisha ahidiwa mahali pengine, na mbunge anajadili koma na nukta. Mwananchi anabaki na barabara.

Tazameni Kenya. Mpango wake na IMF ulianza Aprili 2021, wa dola bilioni 2.34, ukaongezwa baadaye. Mwezi huohuo Wakenya zaidi ya 200,000 walitia saini ombi mtandaoni wakiisihi IMF isiikopeshe serikali yao, kwa kuwa fedha zingeliwa, kisha deni wangelipa wao. Mimi sijui maneno mazito kuliko hayo ambayo raia anaweza kumwambia mkopeshaji. Miaka mitatu baadaye ukaja Muswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kukusanya nyongeza ya shilingi bilioni 346 hivi. Ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Juni 11, maofisa wa IMF na serikali walitangaza kuafikiana juu ya tathmini ya saba. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na risasi zikapigwa. Kesho yake Rais William Ruto, ambaye vijana walikuwa wamekwisha mbandika jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, alikataa kuusaini muswada huo.

Sasa, nani hukaa upande wa pili wa meza? IMF ilibuniwa Julai 1944 huko Bretton Woods, Marekani, kwa mkutano wa nchi 44. Kutoka Afrika zilikuwepo nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Sisi wengine tulikuwa makoloni. Kura zake hazihesabiwi kwa nchi wala kwa idadi ya watu. Zinafuata hisa, yaani fungu ambalo kila nchi inachangia, na hisa zinafuata ukubwa wa uchumi. Marekani ina asilimia 16.5 hivi ya kura. Tanzania ina karibu asilimia 0.1. Kubadili mgawanyo wa hisa kunahitaji asilimia 85 ya kura zote. Pigeni hesabu: Marekani ikisema hapana, hakuna kinachobadilika. Mageuzi yaliyopitishwa 2010 yalisubiri idhini ya Bunge la Marekani mpaka yakaanza kutumika Januari 2016. Desemba 2023 iliidhinishwa nyongeza ya hisa ya asilimia 50, lakini kwa uwiano uleule, kwa hiyo mnyonge alibaki na sauti ileile. Afrika Kusini mwa Sahara ilipata kiti cha tatu kwenye Bodi ya Watendaji Novemba 2024. Nafurahia kiti hicho, ila kiti si kura.

Kwetu ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1979 Tanzania ilikuwa imetoka kumng'oa Idi Amin kwa gharama kubwa mno, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika tangu 1977, na mafuta yamepanda bei. IMF ikataka shilingi ishushwe thamani, mishahara izuiwe, udhibiti wa bei uondolewe. Edwin Mtei, waziri wa fedha, aliona tukubaliane nao. Mwalimu Nyerere akakataa, na Mtei akaondoka. Siku ya mwaka mpya wa 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu aliuliza ni lini IMF iligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia, na ni lini mataifa yalikubali kuikabidhi mamlaka ya kujiamulia.

Nisieleweke vibaya. Makosa yetu yalikuwa mengi: mashirika ya umma yaliyokula hasara, wakulima waliolipwa bei za kuvunja moyo. Foleni za mama na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tuliokula havikuletwa na IMF peke yake, na Mtei hakuwa msaliti. Lakini swali la Mwalimu halikuhusu kama dawa inafaa au haifai. Lilihusu nani ana haki ya kuiandika. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tulisaini, na dola iliyokuwa kama shilingi 17 ikafika 40. Maduka yalijaa, huo ni ukweli. Ada ya shule ya msingi, iliyokuwa imekwisha kurudi katika miaka hiyo ya ukata, iliendelea hadi 2001, na watoto wa majirani zetu waliobaki nyumbani kwa kukosa ada nawakumbuka kwa sura.

Huko Kenya, baadhi ya kodi za muswada ule zilirudi kwa sheria nyingine Desemba 2024. Machi 2025 pande mbili zilikubaliana kuiacha tathmini ya mwisho ya mpango wa zamani, na serikali ikaomba mpango mpya. Barua ya mpango huo, na ya kila mpango katika nchi zetu, nataka iwekwe mezani Bungeni, kwa lugha ambayo muuza mkate anaisoma, kabla waziri hajashika kalamu.