Contra na Super C: yanosemwa maskani na ukweli wake

Kaa maskani yoyote Majengo ama Old Town na watu waliokulia gemu za kaseti, itaje Super C, utaambiwa hapohapo ati haifikii Contra. Mimi nazipenda zote mbili lakini hii ya pili inaonewa sana, tena kwa maneno ambayo mengi si kweli.

Wako wanosema ni gemu nyengine imeiga tu. La, hiyo C ndio Contra yenyewe. Kampuni ya Konami walitoa Contra kwenye mashine za arkedi, zile za kutia sarafu, 1987, NES (mashine ya Nintendo ya kuchezea nyumbani) ikaipata 1988, na mwaka huohuo Super Contra ikaingia arkedi, halafu 1990 ikaja NES na Marekani ikaitwa Super C. Bill na Lance, wanajeshi wawili unaowacheza, ni walewale.

Kubwa ni hili la ati Super C ni ngumu kupita kiasi. Sasa sikiza, wengi wetu Contra tuliimaliza kwa chiti, yaani batani unazobonyeza kwa mpangilio wa siri, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, unapewa laifu 30 unaenda ukifa na kufufuka mpaka kwa bosi wa mwisho, halafu mtu akija kwa Super C anabonyeza ileile inakataa, anaanza na laifu 3 anachapwa steji ya kwanza, basi lawama zote kwa gemu. Lakini Contra pia bila chiti ni laifu 3! Na Super C ya Marekani ina chiti yake, kulia kushoto chini juu A B halafu start, unapata 10. Ukizicheza zote bila chiti utaona ya kwanza nayo haina huruma, pale steji ya tatu kwenye maporomoko mwenzako akikimbilia juu skrini inakuacha chini unakufa hata risasi haijakugusa, na akimaliza laifu zake anabonyeza A anachukua yako. Mabeshte wamegombana kwa hilo wallahi.

Na huo mpangilio wa batani haukuanzia Contra, ulianzia gemu nyengine, Gradius ya NES ya 1986, aliutia Kazuhisa Hashimoto wa Konami manake gemu ilimshinda akiijaribu.

Ati wamebadilisha rangi tu? Steji 2 na 4 za Contra unaona mgongo wa mtu wako akiingia ndani ya kambi, Super C hizo zimetolewa, steji 2 na 6 unaangalia kutoka juu kabisa. Bunduki ya F pia, kwa Contra ule moto unajizungusha polepole hakuna anoutaka, kwa Super C ni bonge la moto na ukishikilia batani linakusanya nguvu. S, bunduki ya risasi za kutawanyika, bado ni mfalme kote.

Super Contra 7 na Contra 6 za kwenye kaseti za mseto, zile zenye gemu nyingi ndani, si za Konami, ni za wizi, msizitumie kuhukumu.

Penye haki nipe haki, Contra ya Famicom, yaani NES ya Japani, inaipita Super C kwa urembo, miti ya msituni inatikisika, theluji inaanguka, kuna ramani katikati ya steji, vitu ambavyo NES ya Marekani haikupewa. Iko ndani ya Contra Anniversary Collection ya 2019 pamoja na Super C, kwa hivyo unaweza kuzicheza moja baada ya nyengine ujionee.