Je, wajua maua ya mkuyu yamejificha wapi?

Mkuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, lakini huwezi kuukuta umechanua. Maua yake yamo ndani ya kuyu lenyewe, mamia kwa mamia, yakitazama katikati. Mlango ni kitundu kilichozibwa kwa magamba, na nyuki hapiti hapo.

Anayepita ni nyigu wa milimita chache tu, Ceratosolen arabicus. Jike hujipenyeza mpaka mabawa yanakatika, kwa hiyo safari yake ni ya kwenda bila kurudi. Humo ndani hutaga mayai katika baadhi ya maua, na papo hapo huyapaka maua chavua aliyoibeba katika vifuko vya kifuani. Ua lenye yai hulea buu, lililopata chavua tu hufanya mbegu. Kisha mama hufa.

Madume ndio hutangulia kutoka kwenye maua yao. Hawana mabawa. Huwapanda majike kabla hawajatoka, hutoboa ukuta wa kuyu ili kuwafungulia njia, basi maisha yao yameisha. Majike huondoka na chavua, wakiwa na siku mbili hivi tu za kuupata mkuyu mwingine. Upepo huwasaidia mno: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikuyu ya Mto Ugab, jangwani Namibia, ulionyesha chavua ikisafirishwa hadi kilomita 160. Mdudu mdogo hivyo!

Asipokuwepo je? Tazama Misri. Mikuyu imepandwa huko tangu enzi za Mafarao, ila nyigu huyu hayupo. Mti hauna mbegu hata moja; watu huupanda kwa vipande vya matawi. Yupo nyigu mwingine anayetaga katika makuyu bila kuleta chavua, na akiachwa, tunda hujaa wadudu. Kwa hiyo wakulima hulichanja kuyu changa kwa kisu. Jeraha hulifanya litoe gesi ya ethilini, nalo huvimba na kuiva kwa siku chache, kabla wadudu hawajakomaa. Wataalamu wengi huona kwamba hata nabii Amosi, aliyejiita mtunza mikuyu, alikuwa akifanya kazi hiyohiyo ya kuchanja.

Huku Afrika Mashariki kisu hakihitajiki. Nyigu yupo, mbegu zipo, na ndege, popo na nyani wanaokula makuyu huzisambaza kandokando ya mito.