Samadi nayo ina chumvi

Ile imani kwamba samadi ni kitu cha asili kwa hiyo hata umwage malori mangapi haidhuru shamba, hapana jamani. Samadi ina chumvi, hasa ya kuku, na kwenye ukame unapomwagilia maji yanakauka ila chumvi inabaki palepale, mvua ya kuishusha chini hakuna, ndo unaona ule weupe juu ya udongo na majani yanaungua ncha. Si kwamba uache, inasaidia sana udongo kushika maji. Ila iwe imeoza vizuri, weka kiasi kila msimu maana kwenye joto na unyevu inaisha haraka, halafu mara mojamoja mwagilia maji mengi zaidi yashushe chumvi, mradi shamba linapitisha maji, lisipopitisha unaongeza tatizo.