Foleni Ndefu Dukani Si Sababu ya Kununua Hisa

Karibu kila Septemba, Apple inapozindua simu mpya huko California, wateja wangu hapa Nairobi hunipigia kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na wengi wao huwa na ombi moja: niwanunulie hisa za kampuni hiyo kabla siku haijaisha, kwa kuwa wameona picha za watu waliokesha nje ya duka wakisubiri milango ifunguliwe. Safari ya mwisho aliyenipigia ni mwalimu wa sekondari, mtu makini katika hesabu zake, ambaye tayari alikuwa amejaza fomu ya mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo ili apate fedha za kununulia. Jambo hili nimelieleza kwa mdomo mara nyingi mno, tena kwa watu wenye akili na elimu, na kila mwaka linarudi likiwa vilevile. Sasa naliandika.

"Simu ikigombewa, hisa itapanda"

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inafanana sana na busara ya kawaida. Mfanyabiashara wa soko la mitumba la Gikomba akiona suruali za aina fulani zinagombewa, hununua marobota zaidi ya aina hiyo na kupata faida, na hakuna anayeweza kumlaumu. Kosa ni kudhani kwamba anayenunua hisa siku ya uzinduzi yuko katika nafasi ya mfanyabiashara huyo. Hayuko. Yeye ananunua sehemu ya kibanda chenyewe, kutoka kwa mtu ambaye ameiona foleni ileile, ameihesabu, na amekwisha kuiingiza katika bei anayodai.

Bei ya hisa hubeba matarajio. Miezi mingi kabla ya uzinduzi, wachambuzi huwa wanafuatilia oda zinazopelekwa kwa watengenezaji wa vioo, betri na kamera, wanakadiria idadi ya simu zitakazouzwa hadi mwaka unaofuata, na wawekezaji wakubwa hununua au kuuza kwa kufuata makadirio hayo. Siku simu inapoonyeshwa jukwaani, mambo mengi mazuri yanayojulikana kuihusu yamekwisha kulipiwa. Kinachoisogeza bei kuanzia hapo ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na tofauti hiyo inaweza kuwa mbaya hata pale ambapo kilichotokea ni kizuri mno.

Mfano ninaowapa wateja wote ni wa iPhone 5. Simu hiyo ilitangazwa tarehe 12 Septemba 2012, oda za mapema zikavuka milioni 2 katika saa 24 za kwanza, na ilipoingia madukani tarehe 21 Septemba, zaidi ya simu milioni 5 ziliuzwa katika siku 3. Kama kuna uzinduzi uliostahili kuitwa wa mafanikio, ni huo. Hisa ya Apple ilifunga kwa dola 702 tarehe 19 Septemba, siku 2 kabla ya mauzo kuanza, na hicho ndicho kilikuwa kilele chake, kwani kufikia Aprili 2013 ilikuwa imeshuka chini ya dola 400. Anayetazama chati za siku hizi asizitafute namba hizo jinsi zilivyo, kwa maana kila hisa 1 iligawanywa kuwa 7 mwaka 2014 na kila 1 ya hizo ikagawanywa kuwa 4 mwaka 2020, kwa hiyo dola 702 za wakati ule huonekana leo kama dola 25 hivi.

Nikifika hapo, mteja huuliza kama simu ilikosa wanunuzi baada ya wiki ya kwanza. Haikukosa. Katika robo mwaka iliyoishia Desemba 2012, Apple iliuza iPhone milioni 47.8, ikilinganishwa na milioni 37 mwaka uliotangulia, na mapato yake yakapanda kutoka dola bilioni 46.3 hadi bilioni 54.5. Lakini faida ilibaki palepale, karibu dola bilioni 13.1, kwa kuwa kiwango cha faida ghafi, yaani sehemu ya mapato inayobaki baada ya kutoa gharama za kutengeneza bidhaa, kilishuka kutoka asilimia 44.7 hadi asilimia 38.6. Simu mpya ilikuwa ghali zaidi kuitengeneza, tableti ndogo iliyozinduliwa msimu huohuo iliacha faida ndogo, na robo mwaka iliyolinganishwa nayo ilikuwa na wiki moja zaidi. Aliyenunua kwa dola 700 alikuwa amelipia kampuni ambayo mwaka mmoja kabla ya hapo faida yake ya kipindi kama hicho ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu, naye aliamini kwamba ukuaji huo ungeendelea. Ripoti ilitolewa tarehe 23 Januari 2013, ikiwa na mauzo makubwa kuliko yote ambayo kampuni hiyo ilikuwa imewahi kuyapata, na kesho yake hisa ikaanguka kwa asilimia 12.

Naomba msomaji aisome sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili, kwa sababu ndani yake mna jibu la maswali mengi ninayoulizwa.

Wapo wanaonijibu kwamba aliyevumilia hakupoteza, kwa kuwa bei ilirudi. Ni kweli, ilirudi, lakini kilele kile kilipitwa tena Agosti 2014, karibu miaka 2 baadaye. Kwa mtu aliyetumia akiba asiyoihitaji, miaka 2 ni subira tu. Kwa mwalimu aliyekopa, ambaye makato ya mkopo huondolewa kwenye mshahara wake kila mwisho wa mwezi, na ambaye amelipa ada ya dalali na kubadilisha shilingi kuwa dola kwa bei ya siku hiyo, miaka 2 hiyo ni karo ya watoto. Simkatazi mtu yeyote kumiliki hisa za kampuni ya simu, nami sina ugomvi na Apple. Ninachokataa ni mtu kuchukua deni kwa sababu ya picha ya foleni.

Ushauri wangu, ambao wateja wa muda mrefu wameuchoka, ni wa daftari. Kabla ya kununua, andika kwa mkono wako tarehe ya leo, bei ya hisa, na jambo unaloliamini ambalo unadhani wengine hawajalijua au hawalipi uzito unaostahili. Ukishindwa kuliandika jambo hilo la tatu, huna sababu ya kununua leo badala ya mwezi ujao. Kisha ngoja ripoti. Mwaka wa fedha wa Apple huisha Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kwa hiyo mauzo ya siku za kwanza za simu ya Septemba huingia kwenye mkia tu wa robo mwaka hiyo, na hukumu halisi hupatikana katika matokeo ya Oktoba hadi Desemba, ambayo hutolewa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Katika ripoti hiyo tazama mapato, kiwango cha faida ghafi, na kauli ya viongozi kuhusu miezi inayofuata. Picha za foleni hazimo humo.

"Hisa imeshuka siku ya uzinduzi, kwa hiyo simu ni mbaya"

Hili ni kosa lilelile lililogeuzwa juu chini. Tarehe 4 Oktoba 2011 Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, na wenzake walitangaza iPhone 4S, na kwa kuwa wengi walikuwa wakitarajia simu yenye umbo jipya itakayoitwa iPhone 5, hisa ilishuka kwa kiasi cha asilimia 5 katikati ya siku kabla ya kurudi karibu na pale ilipokuwa. Siku 10 baadaye simu hiyohiyo iliingia madukani na kuuzwa zaidi ya milioni 4 katika siku 3. Mnunuzi alijiuliza kama simu hii ni bora kuliko ile iliyo mfukoni mwake, mwekezaji akajiuliza kama ni bora kuliko ile aliyokuwa ameiwaza, na maswali mawili tofauti yakapata majibu mawili tofauti.

Hata hivyo, asije mtu akafikiri kwamba anguko la siku ya uzinduzi halina maana kamwe. BlackBerry ilipozindua Z10 tarehe 30 Januari 2013, hisa yake ilishuka kwa asilimia 12 siku hiyohiyo, na Septemba ya mwaka huo kampuni ikalazimika kukiri hasara ya karibu dola bilioni 1 iliyotokana hasa na simu hizo zilizolala ghalani bila wanunuzi. Kushuka kwa siku moja hakuthibitishi lolote, liwe zuri au baya.

"Mauzo ya wikendi ya kwanza yanaonyesha ukubwa wa mahitaji"

Yanaonyesha ukubwa wa ghala. Simu ikiwa inagombewa, zitauzwa zile zilizotengenezwa na kusafirishwa kwa wakati, na namba itakayotangazwa ni ya viwanda zaidi kuliko ya wateja. Mwaka 2014 Apple iliuza zaidi ya simu milioni 10 za iPhone 6 na 6 Plus katika wikendi ya kwanza, na mwaka 2015 ikauza zaidi ya milioni 13 za iPhone 6s na 6s Plus, nao wengi wakashangilia ukuaji huo bila kukumbuka kwamba mwaka 2014 China haikuwamo katika wikendi ya kwanza na mwaka 2015 ilikuwamo. Aprili 2016 kampuni ilitangaza kwamba mapato yake ya robo mwaka yamepungua kwa mara ya kwanza katika miaka 13, iPhone zikiwa zimeshuka kutoka milioni 61.2 hadi milioni 51.2. Septemba ya mwaka huohuo Apple yenyewe iliacha kutangaza mauzo ya wikendi ya kwanza, ikisema kwamba hutegemea idadi ya simu zilizopo na si mahitaji ya wateja. Mwenye namba amesema hazifai. Bado naletewa namba za aina hiyo, zilizokisiwa na watu wengine, kama ushahidi.

"Simu yenye kasoro huiangusha kampuni"

Inategemea kampuni inauza nini kingine. Galaxy Note 7 ya Samsung, iliyozinduliwa Agosti 2016, ilianza kushika moto kwa sababu ya betri, simu milioni 2.5 zikaitwa zirudishwe tarehe 2 Septemba, na baada ya simu za kubadilishia nazo kuungua, utengenezaji ulisitishwa moja kwa moja tarehe 11 Oktoba, siku ambayo hisa ilishuka kwa asilimia 8 huko Seoul. Kufikia Januari 2017 hisa hiyo ilikuwa imefika viwango vya juu ambavyo haikuwahi kuvifikia, kwa kuwa Samsung ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chipu za kumbukumbu duniani na bei ya chipu hizo ilikuwa inapanda. Aliyeuza kwa hofu ya moto alikuwa amesahau nusu ya kampuni aliyoimiliki.

Kelele za wateja nazo zina kipimo chake. Mwaka 2010 malalamiko kuhusu antena ya iPhone 4 yalienea kila mahali hadi Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati ule, akaitisha mkutano na waandishi wa habari tarehe 16 Julai, lakini katika wiki 3 tangu ianze kuuzwa, simu hiyo ilikuwa imenunuliwa na zaidi ya watu milioni 3, na katika mtandao wa AT&T waliokuwa wameirudisha walikuwa asilimia 1.7 tu.

"Anayeuza simu nyingi ndiye mwenye faida kubwa"

Anayepita Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu hapa Nairobi, ataona Tecno, Infinix na itel katika kila duka, zote za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion, ambayo hisa zake zimeorodheshwa Shanghai tangu Septemba 2019. Ni kampuni hodari, lakini simu ya bei nafuu huacha faida ndogo kwa kila moja, na mtu hawezi kuhesabu simu zilizo mikononi mwa abiria wa matatu akapata thamani ya hisa. Apple huuza kiasi cha simu janja moja katika kila tano duniani kwa mwaka, au pungufu ya hapo, na bado sehemu kubwa ya faida ya biashara hiyo huenda kwake.

"Basi nitanunua kabla ya uzinduzi, niwatangulie wote"

Hapa ndipo mwalimu wangu alipokimbilia nilipomaliza kumweleza habari za iPhone 5, na alikuwa na mfano mkononi: tarehe 9 Januari 2007, Jobs alipoonyesha iPhone ya kwanza huko San Francisco, hisa ilipanda kwa asilimia 8 siku hiyohiyo. Mfano ni wa kweli. Siku ile soko lilionyeshwa kitu ambacho halikuwa limekikadiria kwa ukubwa wake, ndiyo maana bei ikaruka. Simu ya Septemba hujulikana umbo, kamera na hata rangi zake kabla haijapanda jukwaani, na mtu hawezi kuwatangulia watu waliokwisha kufika.

Tena mwaka huohuo wa 2007 una somo la pili. Tarehe 5 Septemba, wiki 10 tangu mauzo kuanza, bei ya iPhone ya GB 8 ilipunguzwa kutoka dola 599 hadi 399. Waliokwisha kununua walikasirika hivi kwamba kesho yake Jobs aliwaandikia barua ya kuomba radhi na kuwapa dola 100 za kununulia bidhaa dukani, wawekezaji wakaiteremsha hisa kwa kiasi cha asilimia 5 siku ya tangazo, na wanunuzi wapya wakaja hadi simu ya milioni 1 ikauzwa siku chache baadaye. Nilimwomba mwalimu aniambie, kwa kutazama siku hizo chache pekee, kama hizo zilikuwa habari njema au mbaya kwa mwenye hisa. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu. Fomu ya mkopo bado anayo, na tumekubaliana kwamba itakaa nyumbani kwake hadi ripoti ya Januari itoke.